Harrier Iliyoundwa Upya: Simba Aliyevaa Suti

Gari linapoingia nyumbani, ndugu msomaji, haliingii peke yake. Huja na mafuta yake, bima yake, fundi wake na matairi yake, na mahitaji hayo yote hukaa mezani pamoja na karo za watoto, dawa za wazazi na mabati ya nyumba ambayo haijaezekwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba ukurasa huu wa familia, ambao kwa desturi hushughulika na malezi, mapishi na afya, leo umeona vema kulichunguza gari moja ambalo limekuwa shabaha ya akiba za familia nyingi za mijini. Gari hilo ni Toyota Harrier, na hasa ile iliyoundwa upya mwishoni mwa mwaka 2013, ambayo watu wa mjini wameibandika jina la "Anaconda".

Wasomaji wengi mnalijua gari hili kwa macho. Pua yake imechongoka, taa zake za mbele ni nyembamba kama macho ya nyoka, na paa lake huteremka taratibu kuelekea nyuma. Husimama juu kuliko saluni, lakini chini kuliko Land Cruiser. Linapopita, watu hugeuza shingo. Hata hivyo, kugeuza shingo ni jambo moja, na kutoa fedha ya akiba ni jambo jingine. Katika makala haya tutaeleza gari hili limetoka wapi, ni nini kilichobadilishwa lilipoundwa upya, linakwendaje barabarani, na ni familia ya namna gani itakayolimiliki bila majuto.

ASILI YAKE

Harrier ya kwanza ilitolewa nchini Japani mwezi Desemba 1997. Hadi wakati ule, gari lililoinuka kutoka ardhini lilihesabiwa kuwa gari la kazi. Hapa kwetu lilikuwa Land Rover la bwana shamba au Land Cruiser la mganga wa wilaya: bodi iliyokalia chesi nene ya chuma kama ya lori, springi ngumu, na abiria aliyefika mwisho wa safari akiwa amejaa vumbi na mgongo ukimuuma. Wasanifu wa Toyota walishika njia nyingine. Walichukua misingi ya Camry, ambayo ni saluni ya starehe, wakaiinua na kuipa magurudumu makubwa zaidi, huku bodi na chesi vikiwa kitu kimoja. Nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kuanzia mwaka 1998 kwa jina la Lexus RX 300.

Nia ya watengenezaji ilionekana wazi katika matangazo yao ya siku hizo. Yalimwonyesha mtu aliyevaa suti rasmi ya jioni, lakini mahali pa kichwa cha binadamu palikuwa na kichwa cha simba. Maana yake ni kwamba hapa pana mnyama wa porini aliyefunzwa adabu za ukumbini. Ni mfano mzuri, na msomaji akiushika hatapotea katika jambo lolote linalohusu Harrier. Atazamaye kwa nje huona kichwa cha simba. Aketiye ndani na kuendesha hukutana na suti. Tena, kila mara gari hili lilipoundwa upya, suti ilizidi kupigwa pasi na simba akazidi kuwa pambo.

Kizazi cha pili kilitoka mwezi Februari 2003. Hicho ndicho kilicholieneza jina la Harrier katika mitaa yetu, na watani wakakipa jina la "tako la nyani" kwa sababu ya umbo lake la nyuma, jina ambalo mtu angesita kulitamka mbele ya mkwewe. Kilianza na injini ya lita 2.4 yenye silinda nne au ya lita 3.0 yenye silinda sita. Mwaka 2005 ikaongezwa Harrier ya mseto, yaani inayotumia petroli pamoja na umeme, na mwaka 2006 ile ya silinda sita ikakuzwa kufikia lita 3.5. Wengi wanaolisifu gari hili kwa nguvu zake za kupanda milima bado wanakisifu kizazi hicho bila ya kujua kwamba kilichofuata ni kitu kingine.

KILICHOBADILISHWA

Harrier mpya ilipoanza kuuzwa mwezi Desemba 2013, undugu wake na Lexus ulikuwa umekatika. Lexus RX ilikuwa imekwisha shika njia yake, na Harrier ikasanifiwa kwanza kwa ajili ya Wajapani wenyewe, juu ya misingi inayohusiana na ile ya RAV4. Urefu wake ni milimita 4,720, upana 1,835 na kimo 1,690. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ambao katika kizazi cha pili ulikuwa milimita 2,715, ulipunguzwa ukawa 2,660. Gari lilifupishwa kidogo, jambo ambalo dereva anayetafuta maegesho Kariakoo hatalilalamikia.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa chini ya boneti. Injini za silinda sita ziliondolewa zote. Mahali pake ikawekwa injini ya petroli ya lita 2.0, kwa hesabu kamili sentimita za ujazo 1,986, yenye nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Kijapani. Vali zake za kuingizia hewa hufunguka kidogo au sana kulingana na mahitaji ya dereva, ili petroli isipotee bure. Mwezi Januari 2014 ikafuata ya mseto yenye injini ya lita 2.5 ikisaidiwa na mota za umeme, mbele na nyuma, na jumla ya nguvu zake ni farasi 197. Mwezi Juni 2017 gari likafanyiwa marekebisho ya sura, na pamoja nayo ikaja injini ya lita 2.0 yenye taboo, yaani mtambo unaoisukumia injini hewa nyingi zaidi, na nguvu zikapanda kufikia farasi 231.

Giaboksi nayo ilibadilika. Harrier ya zamani ya lita 2.4 ilikuwa na giaboksi ya otomatiki yenye gia nne. Hii ya lita 2.0 isiyo na taboo haina gia za kuhesabika. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili ambazo hupanuka na kusinyaa. Ukitaka kuelewa tofauti yake, fikiri juu ya jengo la hospitali. Giaboksi ya zamani ni ngazi: unapanda kwa hatua, na kila hatua unaisikia. Hii mpya ni ule mteremko wa saruji unaopitishiwa viti vya wagonjwa: unapanda bila kujua umefika ghorofa ya pili saa ngapi.

Badiliko la tatu halionekani mpaka ulale chini ya gari. Mfumo unaobeba magurudumu ya nyuma ulisanifiwa upya, kila gurudumu likashikwa na mikono ya chuma ya juu na ya chini badala ya kutegemea nguzo ya shokapu kama zamani. Kazi yake ni kulifanya gurudumu likae sawasawa na barabara hata gari linapoegemea katika kona, na abiria wa kiti cha nyuma ndio wanaofaidi.

NDANI YA CHUMBA CHA ABIRIA

Ukifungua mlango utakutana na suti yenyewe. Dashibodi imefunikwa kwa kitu laini chenye mishono kama mkoba wa ngozi. Viti ni vipana, na mgongo wa kiti cha nyuma huweza kuegeshwa, neema kubwa kwa bibi anayesafirishwa kwenda kliniki au mtoto aliyelala njiani. Nafasi ni ya watu watano, wala usidanganyike na ukubwa wa umbo; familia ya watu saba haitatosha humu kwa halali.

Kwa upande wa usalama, gari hili lina mifuko saba ya hewa ya kuwakinga abiria ajali inapotokea. Kiti cha nyuma kina vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto mchanga, vilivyo kati ya mgongo wa kiti na makalio yake. Wazazi wengi hawavijui, na huendelea kumpakata mtoto kiti cha mbele. Ni kosa la hatari. Mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu iliyopimwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto aliyepakatwa mbele yake huumizwa na kilekile kilichowekwa kuokoa maisha. Magari yaliyotengenezwa baada ya marekebisho ya Juni 2017 yana nyongeza nyingine yenye thamani: yote yaliwekewa mitambo inayotazama mbele, kumwonya dereva na kusaidia kufunga breki gongano linapokaribia.

Palipo na sifa hapakosi dosari. Vidhibiti vya kiyoyozi si vifungo vya kubonyeza bali ni kioo laini cha kugusa. Ni vizuri kutazama, lakini kidole hakiwezi kuvipapasa na kuvitambua gizani; dereva hana budi kuondoa macho barabarani ili ajue anagusa nini. Shauri letu ni kwamba mpangilie hewa kabla ya kuondoka, au kazi hiyo aachiwe aliyeketi kando ya dereva.

Dosari ya pili ni lugha. Gari lilikusudiwa Wajapani, kwa hiyo ramani, maonyo na sauti ya kike inayokaribisha abiria vyote ni vya Kijapani. Redio nayo imezoea masafa ya Japani, ambako stesheni za FM huanzia megahezi 76, ilhali zetu huanzia karibu na 88 na kufika 108. Ndiyo maana wenye magari haya hupata stesheni chache tu mpaka wafunge kifaa cha kuhamisha masafa au wabadili redio nzima. Ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya gari, lakini afadhali uijue mapema kuliko kudhani umeuziwa redio mbovu.

BARABARANI

Mwandishi wa makala haya alipata nafasi ya kuendesha Harrier ya lita 2.0, ya mwaka 2014, kutoka Dar es Salaam kwenda Lushoto, akiwa na abiria wanne na mizigo yao. Ni safari inayolipima gari vizuri, kwa kuwa ndani yake mna foleni ya Kibaha, lami iliyonyooka baada ya Chalinze, malori mengi kuelekea Segera, na mwishowe kilometa 33 hivi za kona na mwinuko kutoka Mombo hadi Lushoto.

Katika foleni gari hili ni pole mno. Usukani wake ni mwepesi, huhitaji nguvu ya bega, na mwendo wa kusimama na kuondoka hauna mishtuko, kwa kuwa hakuna gia zinazobadilishana. Dereva huketi juu kiasi cha kuona kichwa cha foleni bila kujinyoosha. Jambo la kuangalia ni nguzo za pembeni na dirisha dogo la nyuma. Umbo lile la kuteremka ndilo linaloleta uzuri, na ndilo linaloziba macho. Kamera ya kurudia nyuma ni msaada, lakini haimwoni mtoto anayekuja mbio kutoka ubavuni. Nyumbani penye watoto wadogo, mtu mzima ashuke na kuhakikisha kabla gari halijarudi nyuma.

Baada ya Chalinze suti ilionyesha thamani yake. Kelele za upepo na matairi zilibaki nje, na abiria wa nyuma walizungumza kwa sauti ya kawaida. Gari halikuyumba malori yalipopishana nalo. Hapo tuliona hatari moja ambayo haiandikwi katika vitabu vya watengenezaji, nayo ni ukimya wenyewe. Katika gari la zamani mwendo wa kilometa 100 kwa saa hupiga kelele na kumtia dereva hofu inayofaa. Katika gari hili mwendo huohuo hufanana na 60. Dereva asipotazama saa ya mwendo atajikuta anaingia kijijini, penye ukomo wa kilometa 50, akiwa na mwendo wa mara mbili yake, na watoto wa shule wakivuka.

Kulipita lori ni mahali pa pili pa kutahadhari. Ukikanyaga mafuta ghafla, injini hupaza sauti kwanza, kisha gari hufuata. Si ugonjwa, ndivyo giaboksi za mkanda zilivyo, na farasi 151 wakibeba watu watano na mizigo si wengi. Aliyezoea silinda sita za Harrier ya zamani ataliona pengo hilo mara moja, tena huenda akaliona akiwa tayari upande wa kulia wa barabara. Anza mapema, washa kitufe cha kuongeza nguvu, hakikisha mbele ni kweupe kwa umbali mrefu, na kama una shaka, subiri. Mwenda pole hajikwai.

Kutoka Mombo kupanda, gari lilikwenda kwa sauti ya kulalama lakini bila kuchoka. Katika kona liliegemea kiasi, kama gari lolote lililoinuka, ila halikutapatapa, na hakuna mtoto aliyetapika, jambo ambalo wasafiri wa Usambara wanalijua thamani yake. Wakati wa kushuka, kosa ni kutegemea breki peke yake. Vuta mkono wa gia upande wa kuchagua mwenyewe, uiache injini ilizuie gari, na breki zako zitafika Mombo zikiwa baridi.

MAKUCHA HAYAPO

Sasa tufike kwenye jambo linalowagharimu watu wengi zaidi. Kwa kuwa gari lina kichwa cha simba, wenyewe hudhani lina na makucha. Baadhi ya Harrier za kizazi hiki huvutwa na magurudumu mawili ya mbele tu, na hizo kwenye tope la masika ni sawa na saluni yoyote. Zile za magurudumu manne zinatofautiana na za zamani. Harrier ya kwanza na ya pili za petroli zilipeleka nguvu kwenye magurudumu yote wakati wote; hii hupeleka nyuma pale tu kompyuta inapoona haja. Inatosha kwa lami yenye utelezi na barabara ya changarawe. Haina gia ndogo ya nguvu ya kujikwamulia kama Land Cruiser la shamba, na uvungu wake, takribani milimita 190 kwa ya petroli na pungufu kidogo kwa ya mseto, hautoshi mahandaki yaliyochimbwa na malori.

Maji ndiyo adui mkubwa. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua jinsi bonde la Msimbazi pale Jangwani linavyofurika na kufunga barabara. Dereva wa Harrier, akijiona yuko juu, hushawishika kupita pale saluni zilipogeuka. Injini ikivuta maji mahali pa hewa, pistoni hugota kwenye maji yasiyobanika, na fimbo zake hupinda au kukatika. Safari ya dakika moja huishia kwenye kununua injini nyingine. Maji usiyoyaona chini yake, usiyaingie; geuza gari, chelewa, fika.

MFUKO WA FAMILIA

Watengenezaji waliiandikia Harrier hii ya lita 2.0, ya magurudumu mawili, mwendo wa kilometa 16 kwa lita moja. Hesabu hiyo ilipatikana katika vipimo maalumu vya Japani. Katika foleni zetu za jioni na kiyoyozi kikiwaka usiitegemee hata kidogo. Ya mseto huokoa mafuta zaidi, hasa mjini, kwa kuwa kila unapofunga breki umeme hurudi kwenye betri. Lakini betri hiyo ni mali yenye umri. Katika gari la miaka kumi hapana budi ipimwe na fundi mwenye chombo cha kuipima, na matundu ya kuipozea yaliyo karibu na kiti cha nyuma yasizibwe kwa mabegi na kanga.

Ushuru nao ni somo. Kwa miaka mingi utaratibu uliozoeleka hapa nchini umekuwa hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, kisha kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Hapo utaona faida ya injini ya 1,986, kwa kuwa iko chini ya mstari, ilhali ile ya zamani ya lita 2.4 iko juu yake.

Lakini tazama umri unavyofanya. Tuchukue, kwa mfano wa kuhesabia tu, gari lililofika bandarini kwa shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha ni milioni 5, jumla milioni 25. Tofauti ya ushuru wa injini, kati ya asilimia 5 na 10, ni shilingi 1,250,000. Tofauti ya uchakavu, kati ya asilimia 15 na 30, ni shilingi 3,750,000, kabla hata kodi ya ongezeko la thamani haijakaa juu yake. Kwa hiyo gari la mwaka 2014, ambalo limekwisha vuka miaka 10, laweza kuonekana rahisi mnadani na kuja kukudai bandarini. Viwango hivi hubadilishwa na bajeti, basi kabla ya kutuma fedha pata hesabu ya gari lako mwenyewe kutoka Mamlaka ya Mapato, wala usiridhike na makisio ya mdomo.

Baada ya ushuru huja matunzo. Injini hii hudai oili nyepesi na safi, ya aina iliyoandikwa na watengenezaji, kwa sababu mtambo unaozitawala vali haustahimili uchafu. Giaboksi ya mkanda ina mafuta yake maalumu. Fundi akitia ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ndiyo aliyonayo, anaiua polepole. Matairi ya aina ya juu iitwayo Premium hukaa kwenye rimu za inchi 18 nayo ni membamba ubavuni. Ni mazuri kwa macho, lakini shimo moja la barabarani huweza kuyapasua. Rimu za inchi 17, ambazo wengi huziona za kimaskini, hubeba tairi nene zaidi na hufaa zaidi barabara zetu.

KABLA YA KUTIA SAINI

Mnunuzi wa gari lililotumika aitake karatasi ya mnada wa Japani, aitafutie mtu wa kuisoma, na aangalie alama yake. Herufi R huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Alinganishe kilometa za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi, maana kuna wanaozirudisha nyuma. Aliwashe gari likiwa baridi na kuusikiliza mlio, aliendeshe mpaka lipate joto, kisha alipandishe mlima na kuhisi kama giaboksi inatetemeka au kusita. Asiende peke yake; aende na fundi asiyelipwa na muuzaji.

Mwisho kabisa, ipo Harrier nyingine mpya zaidi, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Juni 2020, na ambayo Marekani ya Kaskazini iliuzwa kwa jina la Venza. Urefu wake uliongezwa ukawa milimita 4,740, lakini kimo kilishushwa kwa milimita 30. Injini ya lita 2.0 ilifikishwa farasi 171, na hivyo kilio kile cha kupita malori kikapungua. Lakini nafsi ya gari haikubadilika, maana limezidi kuinama karibu na lami, ambako ndiko kwao.

Kwa hiyo, msomaji, kama familia yenu ni ya watu watano au pungufu, maisha yenu yako mjini, na safari za kijijini hupitia lami na changarawe nzuri, gari hili litawatunza vizuri kuliko magari mengi ya bei yake. Kama shamba lenu liko ng'ambo ya mto usio na daraja, au kama ndoto ni kubeba wajukuu saba na magunia mawili ya mahindi, fedha hiyo itafutieni gari lenye makucha, hata kama sura yake haigeuzi shingo ya mtu. Na kama kulinunua kutamwondoa mtoto shuleni kwa muhula mmoja tu, basi ngojeni. Magari yaliyotumika hushuka bei kila mwaka, lakini mwaka wa masomo uliopotea haurudi kwa mnada.

Ukae mezani na mwenzi wako, mandike kwenye karatasi bei, ushuru, bima, mafuta ya mwezi, oili na seti moja ya matairi. Jumla ikitoka, muitazame kwa siku tatu kabla ya kumpigia simu muuzaji.